Mwandishi na Wenzake: Mitandao ya Kijamii kama Uwanja wa Kujuana Kikazi

Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi mwaka jana, mhadhiri wetu alituuliza swali lililotuacha tukitazamana. "Katika waandishi wote mnaowahakiki hapa, walio hai ni wangapi?" Tukaanza kuhesabu kwa vidole. Shaaban Robert alifariki 1962, Mnyampala 1969, Kezilahabi Januari 2020. Tulipofika kwa walio hai tukakuta ni wengi kuliko tulivyodhani. Akauliza tena: "Na kati ya hao, nani hapa amewahi kuzungumza na hata mmoja?" Kimya. Mimi nusura ninyooshe mkono, lakini niliona haya. Mazungumzo yangu na mwandishi mmoja yalikuwa yamefanyika kwa WhatsApp, na wakati huo niliamini kwamba WhatsApp si mahali pa fasihi, ni mahali pa kuombana nauli na kutumiana picha za harusi.

Makala haya yamezaliwa na ile aibu. Nia yangu ni kueleza jinsi mwandishi, hasa mwandishi chipukizi aliye bado chuoni, anavyoweza kuitumia mitandao ya kijamii kujenga uhusiano wa kikazi na waandishi wenzake, wahariri, wafasiri, wachapishaji na wahakiki. Sitaeleza namna ya kupata wafuasi wengi. Hilo ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu ndilo linalowapoteza wengi wetu.

Jambo lenyewe si geni

Wapo wanaodai kwamba mitandao imeleta utamaduni mpya wa waandishi kuzungumza hadharani, na kwamba utamaduni huo unaishusha fasihi hadhi yake. Dai hili lina upungufu wa kihistoria. Zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, mashairi ya kujibizana yalisafiri baina ya Mombasa na Lamu, na mshairi wa upande mmoja alijulikana upande wa pili kwa beti zake kabla ya kujulikana kwa sura. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, ukurasa wake wa mashairi ukawa baraza la watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa mkeka mmoja. Mtu wa Tanga alitunga, wa Tabora akajibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na wa tatu akaingilia kati kuwasuluhisha au kuwachochea. Chama cha ushairi cha UKUTA kilipoundwa mwaka 1959 hakikuokota wanachama barabarani. Washairi walikuwa wameshajuana kwa kusomana.

Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha aliyehamishwa kituo baada ya kituo. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zimechapishwa kuwa kitabu, na anayezisoma ataona mtu anayeishi mbali na jamaa na mbali na wachapishaji, lakini anayejitahidi kwa kalamu na stempu asikatike na dunia. Mimi nikizisoma najiuliza: huyu bwana angekuwa na simu janja, angeifanyia nini? Sidhani kama angepiga picha za chai.

Tukija karibu zaidi na wakati wetu, mfano mzuri ni Binyavanga Wainaina wa Kenya. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine kwa maandishi yaliyotolewa kwanza na jarida la intaneti. Mmoja wa walioshindana naye katika orodha ya mwisho mwaka huo alikuwa Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria. Watu hao wawili walikuwa wameshafahamiana kwa njia ya intaneti, wakisomeana rasimu na kukosoana, wakati hakuna aliyekuwa na jina. Mwaka uliofuata, 2003, toleo la kwanza la jarida la Kwani? likatoka Nairobi. Zingatia kwamba mwaka huo Facebook haikuwapo, ilianza 2004. Kilichokuwapo ni watu wawili walio tayari kusoma kazi ya mwenzao kwa makini na kumwambia ukweli.

Mfano wa pili ni kikundi cha Jalada, kilichotokana na warsha iliyofanyika Nairobi mwaka 2013. Machi 2016 Jalada walitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kigikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo, na baadaye lugha hizo zikapita 100. Hebu fikiria kazi ya kuwapata wafasiri wa lugha zote hizo, kila mmoja nchini kwake, halafu kuwafanya watoe kazi kwa wakati. Hakuna ofisi ingeweza. Kazi kama hiyo hufanyika kwa sababu fulani anamjua fulani, naye fulani anamjua mtu Kampala anayejua lugha inayotakiwa.

Kosa langu la kwanza

Sasa nirudi kwenye WhatsApp yangu. Nikiwa mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuhakiki diwani ya mshairi mmoja wa Pemba aliye hai. Simtaji, kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Nilimpata Facebook usiku, kazi ikitakiwa kesho yake asubuhi. Nikamwandikia hivi: "Mambo. Naomba nisaidie dhamira na fani za diwani yako, ni za asaimenti." Hakunijibu. Nikaona amesoma. Nikamsema sana kule bwenini kwamba waandishi wa siku hizi wanaringa.

Wala haringi. Ujumbe ule ulikuwa wa kihuni. Kwanza sikumwamkia mtu aliye rika la baba yangu. Pili sikujitambulisha. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, nilimtaka anifanyie kazi ambayo ni yangu. Hapakuwa na alama yoyote kwamba nimekisoma kitabu chake. Mwandishi anayepata ujumbe wa namna hii mara kumi kwa wiki, na niamini, wanaupata, ana haki ya kunyamaza.

Miezi minne baadaye, kazi ikiwa imeshasahihishwa na kurudishwa, bado kulikuwa na ubeti mmoja ulionisumbua. Mshairi amelitumia neno "kusi". Darasani sote tulikubaliana kwamba kusi ni ishara ya upepo wa mageuzi ya kisiasa, na wengine wakaandika kurasa nzima juu ya ishara hiyo. Mimi ni mtu wa Kondoa, bahari nimeiona nikiwa na miaka 19, sikuwa na la kupinga. Lakini ubeti unaofuata unazungumzia chungu kilichoinamishwa, na sikuona mageuzi ya kisiasa yanahusianaje na chungu. Basi nikamwandikia tena. Safari hii nilianza na shikamoo, nikataja jina langu na ninakosoma, nikamwomba radhi kwa ujumbe wa awali, nikanukuu ubeti na ukurasa, nikauliza swali moja tu: kusi na chungu vimekutania wapi?

Akanijibu siku ya tatu kwa sauti, dakika tatu nzima. Akasema kusi likivuma bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki, na nyumba ya mvuvi hukaa bila kitoweo. Chungu kimeinamishwa kwa sababu hakuna cha kupika. "Siasa nimeitia katika mashairi mengine," akasema huku akicheka, "lakini hilo, mwanangu, ni njaa ya mama yangu." Mwishoni akaniuliza: "Na wewe unatunga?"

Ninaeleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu yote ninayoyajua juu ya jambo hili. Uhusiano wa kikazi kwa mwandishi hauanzi kwa kuomba, huanza kwa kusoma. Anayemwandikia mwandishi mwenzake akionyesha kwamba ameisoma kazi yake, na ameisoma mpaka ikamsumbua, amempa kitu ambacho hata wachapishaji hawampi. Na swali liwe dogo, la kujibika. Ukimuuliza mtu "fasihi ni nini kwako?" unamtwika mzigo. Ukimuuliza juu ya neno moja la ukurasa wa 41 unampa raha.

Mtandao upi?

Hapa nitapita upesi kwani kila mtu ana mazoea yake. Kwa jinsi nilivyoona, Facebook bado ndiko waliko washairi wakubwa kwa umri, na ndiko kuna nafasi ya kuandika aya ndefu na kujibiwa kwa beti. Mtu anayetaka kuona malumbano yaleyale ya Mambo Leo aende huko jioni. X, iliyokuwa Twitter hadi Julai 2023, ina waandishi wa habari, wafasiri na watu wa majarida ya nje, lakini kwa Watanzania ni uwanja wa mashaka tangu ilipofungiwa nchini Mei 2025. Aliyekuwa amejenga ujirani wake wote pale alijikuta kama mtu aliyehamishwa usiku. Instagram ni ya picha, inamfaa mwenye kitabu kilichokwisha kutoka. LinkedIn watunzi wengi wanaidharau, eti ni ya watu wa mabenki, lakini mwenye nia ya kufasiri au kuhariri kwa malipo atawakuta huko watu wa aina hiyo, na ni vyema akaandika wazi lugha anazozimudu na kazi alizofanya.

WhatsApp ni jambo jingine. Kundi moja sasa linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Kwa mwandishi huo ni mkutano wa hadhara, wala si kikundi cha kazi. Mshairi wangu wa Pemba, baada ya kuzisoma tungo zangu mbili na kunirudishia moja ikiwa na mizani iliyopungua katika mishororo minne (sikuamini, nikahesabu tena, ni kweli), alinitia katika kundi lenye watu 38. Kuna mwalimu wa sekondari wa Tanga, nahodha mstaafu, mwanafunzi wa uzamili aliye Ujerumani, mama mmoja wa Muscat mwenye asili ya Unguja, na kijana wa Bujumbura anayeandika riwaya. Kanuni ni mbili tu: usilete shairi kabla hujatoa maoni juu ya mashairi mawili ya wenzio, na salamu za asubuhi zenye picha za maua haziruhusiwi. Jamani, kanuni hii ya pili peke yake inatosha kuokoa fasihi ya Kiswahili.

Katika kundi hilo nimejifunza mambo ambayo sikuwa na namna ya kuyajua. Nilijua kwa mara ya kwanza tarehe za kupeleka miswada kwenye tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, na ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nilijua mhariri anataka mswada uweje. Nilijua pia kwamba kazi ya kitabu kimoja cha Kiswahili leo inaweza kugawanyika duniani. Mohammed Khelef Ghassani, aliyeshinda upande wa ushairi katika tuzo hiyo ya kwanza mwaka 2015, ni mwandishi wa habari wa Bonn, na diwani yake ikatoka Dar es Salaam. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, mwandishi wake yuko Uingereza, mfasiri wake Ida Hadjivayanis anafundisha London, na mchapishaji ni Mkuki na Nyota wa hapahapa. Kazi za namna hii zinahitaji watu wanaoaminiana kabla ya kazi yenyewe kuja.

Kundi kubwa na hadithi iliyoibwa

Isidhaniwe kwamba nimesimulia mapenzi matupu. Mwaka jana, bumu likiwa limechelewa na kichwa kikiwa moto, niliandika hadithi fupi juu ya mfanyakazi wa ndani aliyejifunza kusoma kwa kutumia risiti za dukani. Nikaipeleka kwanza katika lile kundi dogo, ikakosolewa mara tatu. Halafu tamaa ikanishika. Nikaiweka nzima katika kundi kubwa la hadithi la Facebook lenye maelfu ya watu. Nilipata sifa hadi nikalewa. "Kali sana dada", "endelea", "sehemu ya pili lini?" Katika maoni zaidi ya 200 hakuna hata moja lililogusa uandishi wenyewe. Na hakuna mhariri aliyejitokeza.

Baada ya wiki tatu rafiki yangu akaniletea video. Mtu mmoja anasoma hadithi yangu kwa sauti nzito, muziki ukipigwa nyuma, na jina la mtunzi ni lake. Nililia, sikatai. Nikalalamika katika kundi lile kubwa. Msimamizi akaniambia kwamba ukishaweka kitu mtandaoni ni cha wote, kisha akanitoa.

Aliyosema si kweli, na ni muhimu wenzangu mkajua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa Tanzania Bara, inailinda kazi tangu inapotungwa na kuandikwa. Kuiweka mtandaoni hakumnyang'anyi mtunzi haki yake. Tatizo ni ushahidi. Na hapa ndipo lile kundi la watu 38 lilipofanya kazi ambayo maelfu hawakuifanya. Rasimu zangu tatu zilikuwa mle, kila moja na tarehe yake, na makosa yangu, na masahihisho ya watu wanaojulikana. Mwalimu wa Tanga akamwandikia mwenye video. Mwanafunzi wa Ujerumani akaijaza fomu ya malalamiko ya mtandao husika, maana mimi sikuielewa. Video iliondolewa siku ya sita. Radhi sikuombwa hadi leo.

Tangu hapo nina desturi yangu. Hadharani naweka kipande, ubeti mmoja au aya mbili, zenye kutosha kumwonyesha mhariri jinsi ninavyoandika. Kazi nzima naipeleka kwa watu ninaowajua, kwa baruapepe, ikiwa na jina langu na tarehe. Na sitangazi mswada kwa watu ambao sijawahi kusoma kazi zao.

Kuna jingine ambalo wenzangu wa kiume hulipita. Mwanamke anayeandika juu ya mapenzi, au hata juu ya risiti za dukani, akifungua ujumbe wake hukuta maswali yasiyo ya fasihi. "Umeolewa?" "Namba yako?" Mmoja alijifanya mchapishaji, akataka tukutane hotelini kuzungumzia mkataba. Nilimwambia mikataba husomwa mchana, ofisini, na nitakuja na kaka yangu. Akapotea. Katika makundi ya WhatsApp namba ya simu huonekana kwa wote, kwa hiyo mimi nimenunua laini ya pili kwa ajili ya kazi za uandishi. Nawashauri dada zangu wafanye hivyohivyo, na wamuulizie mtu kwa wanachama wengine kabla ya kumjibu. Mchapishaji wa kweli ana vitabu, na vitabu vina waandishi, na waandishi hao wanaulizika.

Suala la mhakiki

Nilipomweleza mhadhiri wetu habari za kusi na chungu alifurahi, halafu akanitia matatani. Akaniuliza: "Sasa kama mwandishi anakujibu kwa simu, kazi ya mhakiki ni ipi?" Akanikumbusha makala ya Roland Barthes ya mwaka 1967 juu ya kifo cha mwandishi, ambayo sote tuliikariri kwa ajili ya mtihani, kwamba maana ya matini haiko mfukoni mwa aliyeiandika. Na kweli, mshairi akishaniambia kuwa ni njaa ya mama yake, je, darasa zima lililoona mageuzi ya kisiasa limekosea?

Nimelifikiria sana. Kwa mtazamo wangu jibu la mshairi halikufunga mlango. Lilitusahihisha katika jambo moja ambalo halina mjadala, yaani maana ya neno katika lahaja na maisha ya watu wanaolitumia. Hatukujua kusi ni nini, tukaificha ile kutojua ndani ya neno "ishara". Baada ya kulijua kusi, bado ninaweza kuuliza kwa nini nyumba ya mvuvi haina akiba, na swali hilo linaweza kunirudisha kwenye siasa kwa njia ya haki zaidi. Nilimweleza mshairi hivyo. Akanijibu kwa maneno mawili: "Hapo sawa." Lakini hatari ipo ya mhakiki kugeuka mpambe. Ukishakuwa rafiki wa mwandishi, anakupigia simu, amekusaidia kuokoa hadithi yako, utaweza kusema diwani yake mpya ni dhaifu? Diwani yake mpya imetoka, na sehemu ya tatu ni dhaifu kweli. Uhakiki wake nimeuandika mara mbili na kuufuta mara mbili. Wa tatu nimemtumia yeye kwanza, juzi, kabla ya kuupeleka kokote. Ameusoma. Bado hajajibu.

Kwa sasa tunasoma mswada wa mwenzetu wa Bujumbura, tumefika sura ya nne. Kikao kijacho ni Jumamosi saa sita usiku, bando la usiku likianza.